Mashini ya dukani na ya nyumbani hazionani ingawa intaneti inapita kote (Lubumbashi)

Mama_Sekretaria, Katuba

Jambo wote. Nina sekretaria ndogo mbele ya lupango letu (uwanja wa nyumba): tunaandika barua, CV na TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi, na tunatoa fotokopi. Dukani kuna mashini ya mezani ya Windows 10 ambayo karani anaitumia kutwa. Nyuma, kwenye nyumba, nina laptop mpya ya Windows 11, na hiyo ndiyo ninayosahihishia kazi jioni karani akisharudi kwake. Kuna pia laptop ya zamani ya Windows 7 iliyobaki kwa skana tu.

Mpaka leo kazi inatembea kwa flashi. Flashi hiyohiyo inaingia kwenye mashini za wateja na kurudi na virusi, folda zinageuka njia za mkato, mteja anapiga kelele TFC yake imepotea kumbe imefichwa. Halafu hatujui tena faili la mwisho ni lipi. Kuna "final", kuna "final 2", kuna "final ya kweli".

Nataka folda moja ikae dukani, niifungue nikiwa nyumbani. Sanduku la 4G, lile lenye simkadi, liko dukani. Kijana mmoja alivuta waya kutoka kwenye sanduku hilo mpaka sebuleni, akafunga ruta nyingine ya waifai huko. Intaneti inapita vizuri pande zote. Ila nikifungua "Réseau" kwenye laptop siioni mashini ya duka, na nikiandika jina lake napata 0x80070035, "Le chemin réseau n'a pas été trouvé" (njia ya mtandao haikupatikana). Juu ya nini intaneti inapita na mafaili hayapiti?

Na tena: nikihamisha mafaili kati ya mashini hizi, mega zangu (data ninazonunua) zinaliwa?

mutu_ya_kasapa

Mama, juu ya nini unateseka vile? Siye huku Kasapa tunatumaka LocalSend. Unaiweka ku mashini zote mbili, hata ku telefone, unachagua faili, inaenda. Haiombe kompte, haiombe mega, na ni ya bure. Njo vile tunapeanaka silabasi zote.

FundiKampemba

@mutu_ya_kasapa LocalSend ni nzuri, mimi pia ninayo. Ila mama haombi njia ya kutuma. Akituma anabaki na nakala mbili, na ugonjwa wa "final ya kweli" unabaki palepale. Yeye anataka faili likae mahali pamoja na walifungue wawili. Halafu kama ninachoshuku ni kweli, hata LocalSend haitaziona hizo mashini mbili.

Mama, nianze na la mega kwa sababu wengi huliogopa. Hapana, haziliwi. Faili linatoka mashini moja, linapita kwenye ruta, linaingia nyingine, halivuki ukuta wa lupango. Toa hata simkadi kwenye sanduku, mafaili yataendelea kupita. Cha kuangalia tu ni folda yako isiwe ndani ya OneDrive, maana hapo kila ukihifadhi inapanda juu kwenye intaneti, na hapo mega zitalia kweli.

Sasa kwenye kila mashini fungua "Invite de commandes", andika ipconfig, kisha utuletee mistari miwili: "Adresse IPv4" (namba ya mashini) na "Passerelle par défaut" (namba ya ruta yake). Usiogope kuziweka hapa. Namba zinazoanza na 192.168 ni za ndani tu, na nyumba nyingi sana duniani zina namba hizohizo.

Mama_Sekretaria

Asante fundi. Hizi hapa.

Duka: 192.168.8.103, passerelle 192.168.8.1
Laptop yangu: 192.168.0.101, passerelle 192.168.0.1
Ile ya Windows 7 nikiiwasha dukani: 192.168.8.110, passerelle 192.168.8.1

FundiKampemba

Basi ndivyo nilivyodhani. Angalia namba ya tatu: dukani ni 8, nyumbani ni 0. Mama hana mtandao mmoja, ana miwili.

Kijana aliyevuta waya aliuchomeka kwenye tundu la WAN la ruta ya sebuleni, lile ambalo mara nyingi lina rangi tofauti na mengine. Kwa intaneti hakufanya vibaya. Lakini ruta ikipokea waya kwenye WAN huhesabu kwamba huko nje ni "dunia" na huku ndani ni "kwangu", kisha inagawa namba zake yenyewe. Laptop yako ikitaka kwenda Google inapita ruta ya sebule, halafu sanduku la 4G, halafu nje. Ndiyo sababu intaneti inafika. Ila sauti ya mashini inapouliza "nani yuko hapa?" haivuki ruta, ndiyo maana "Réseau" iko tupu. Na hata ukiandika namba badala ya jina, faiwoli (ukuta wa kinga) ya Windows dukani itakuzuia ikiwa mtandao wake umewekwa "Public".

Kutoka dukani kwenda nyumbani ni vibaya zaidi, mlango umefungwa kabisa. Wengi hukwama hapa wiki nzima wakibadilisha mambo ndani ya Windows.

Dawa yake: ruta ya sebule iache kuwa ruta, ibaki kuwa mnara wa waifai tu. Nyingine zina chaguo la "Point d'accès" kwenye menyu, ukilichagua umemaliza. Kama halipo, fanya hivi. Chomeka laptop kwa waya kwenye ruta ya sebule, fungua 192.168.0.1 kwenye kivinjari. Badilisha anwani yake ya LAN (upande wa ndani) iwe 192.168.8.2. Itajizima na kujiwasha. Ingia tena kwa anwani hiyo mpya (laptop ikichelewa kupata namba, chomoa waya uchomeke tena), kisha zima DHCP, yaani kazi yake ya kugawa namba. Mwisho, toa waya unaotoka dukani kwenye WAN uuchomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN. WAN ibaki tupu. Hakikisha kwanza sanduku la 4G linagawa namba kuanzia 100 kwenda juu, ili 2 isigongane na mtu.

Ukisahau kuzima DHCP utakuwa na wagawaji wawili wa namba kwenye mtandao mmoja, na hapo intaneti itakuwa inakuja na kupotea bila sababu inayoonekana.

kaka_wa_Mbeya

Dada, habari za huko. Mimi niko Tanzania lakini tatizo hilo nalijua sana. Zima faiwoli pande zote mbili, kisha nenda kwenye vipengele vya Windows uwashe SMB 1.0 (njia ya zamani ya Windows ya kushiriki mafaili), hasa kwa sababu unayo Windows 7. Kisha kwenye folda mpe kila mtu ruhusa zote. Baada ya hapo andika \\ ikifuatiwa na IP ya mashini ya duka, utaingia moja kwa moja. Kazini kwetu tumefanya hivyo miaka mingi, haina shida.

FundiKampemba

Kaka, karibu kwenye uzi, lakini mama asifuate hata kimoja katika hayo matatu.

SMB1 ndiyo njia iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry mwezi wa 5 mwaka 2017. Mwaka huohuo Microsoft wakaanza kutoa Windows 10 bila SMB1 kwa chaguo la kawaida, kuanzia toleo la 1709. Na Windows 7 haiihitaji: SMB2 imekuwepo tangu Vista. Wanaohitaji SMB1 ni XP, na zile mashini kubwa za fotokopi za zamani zinazotuma skani kwenye folda. Huyu ni mama wa sekretaria ambaye kila siku anapokea flashi za watu asiowajua. Yeye ndiye wa mwisho anayepaswa kufungua mlango huo.

Faiwoli haihitaji kuzimwa. Inahitaji kuambiwa mtandao huu ni wa nyumbani. Paramètres, "Réseau et Internet", propriétés za mtandao unaotumia, kisha "Profil réseau" uweke "Privé" badala ya "Public". Fanya hivyo kwenye mashini zote. Halafu kwenye mipangilio ya kushiriki washa "Découverte de réseau" na "Partage de fichiers et d'imprimantes". Basi.

La kumpa kila mtu ruhusa zote tutalizungumza akifika huko.

kaka_wa_Mbeya

Sawa mkuu, nimekupata. Hilo la faiwoli nakubali. Ila SMB1 kwetu iko kwa sababu ya mashini ya fotokopi hasa, na bosi hataki kununua nyingine.

FundiKampemba

Basi itenge. Kama mashini yenu ya fotokopi ina FTP, tumia hiyo kwa skani. Kama haina, iwe na kompyuta yake moja ya kupokelea ambayo haina kitu kingine chochote cha maana ndani.

Mama_Sekretaria

Fundi, Mungu akubariki. Nimehamisha waya, nimezima DHCP, sasa laptop ina 192.168.8.105 na waifai ya sebuleni inapita kama zamani. Nimeweka Privé pande zote. Kwenye "Réseau" sasa naiona DUKA!

Nikiibonyeza inaniomba jina na mot de passe. Karani anaingia kwa namba zake nne, nimeweka hizo, inakataa. Nimeweka imeili ya kompte na zilezile namba nne, inakataa. Nimeweka za kwangu za laptop, inakataa pia.

FundiKampemba

Hapa ndipo watu wengi wanaanza kulaumu waya, na waya hauna kosa tena. Mashini zimeshafikiana. Sasa swali ni wewe ni nani.

Zile namba nne ni PIN. PIN ni ya mashini ileile iliyowekwa, haivuki mtandao hata kidogo. Mtandaoni inatakiwa nenosiri lenyewe la kompte, na kompte isiyo na nenosiri kabisa nayo inakataliwa na Windows kwa chaguo la kawaida. Na usitafute njia ya kuingia kama mgeni: Windows 11 Pro tangu toleo la 24H2 imefunga mlango wa mgeni, itakuambia sera za usalama zinazuia.

Usihangaike na kompte ya karani. Tengeneza kompte ndogo ya kazi hii tu, kwenye mashini ya DUKA. Fungua "Invite de commandes" kama administrateur, andika:

net user masahihisho * /add

Itakuomba nenosiri mara mbili, na hutaona herufi zikitokea unapoandika, ni kawaida. Amri hii inafanya kazi hata kwenye Windows ya Famille.

Halafu folda. Iite Kazi, iweke moja kwa moja kwenye C:, si kwenye Bureau ya karani. Propriétés, "Partage", "Partage avancé", weka alama "Partager ce dossier", kisha "Autorisations". Humo utakuta "Tout le monde", yaani kila mtu. Mtoe. Ongeza masahihisho, na mtumiaji wa karani ukitaka, wape "Modifier". Sasa nenda kwenye "Sécurité" ya folda hiyohiyo, uongeze masahihisho humo pia kwa "Modification". Hatua hii ya pili ndiyo inayosahaulika. Ruhusa ziko sehemu mbili, na Windows inafuata iliyo kali zaidi. Ukifungua Partage na kusahau Sécurité, unaweza kuiona folda na bado ikakuambia "Accès refusé".

Ukiombwa jina kwenye laptop, andika DUKA\masahihisho. Hiyo DUKA mbele ni muhimu, bila hiyo laptop inaweza kudhani unazungumzia kompte yake yenyewe.

Na kwa sababu umeshajaribu majina mengi: ikikataa bado, fungua "Gestionnaire d'identification" kwenye laptop, futa kila kitu kinachohusu DUKA, kisha uanze upya. Windows hukumbuka majina mabaya kwa ukaidi.

Mama_Sekretaria

Nimefanya yote mpaka kwenye folda. Swali la aibu: hiyo alama \ iko wapi kwenye mashini ya duka? Kwenye laptop nimeipata kwa AltGr na 8. Dukani AltGr na 8 haitoi kitu.

mutu_ya_kasapa

Hahaha mama, si aibu, siye wote tulipita mule.

FundiKampemba

Mashini ya duka ilitoka Ubelgiji, sivyo? Nyingi zinazouzwa hapa mjini zimetumika Ulaya. Klaviye ya Kifaransa: AltGr na 8. Klaviye ya Kibelgiji: AltGr na kile kitufe cha < > kilicho pembeni ya Shift ya kushoto.

Na ni vizuri umeuliza, kwa sababu hili ndilo linalovunja manenosiri. Mashini moja ikiwa imepangwa kwa klaviye ya Kifaransa na nyingine ya Kibelgiji, au mtu aliweka QWERTY, unabonyeza vilevile na herufi zinatoka tofauti, na huzioni kwa sababu zimefichwa. Kabla ya kuweka nenosiri, fungua Bloc-notes kwenye kila mashini, uliandike pale uone kinachotoka. Kwa sasa chagua nenosiri refu la herufi ndogo zisizohama: epuka a, q, w, z, m na alama zote.

kaka_wa_Mbeya

Kumbe! Huku tuna QWERTY tu, sikujua kama watu wanateseka hivyo kwa mkwaju mmoja.

Mama_Sekretaria

IMEFUNGUKA. Nimeandika \\DUKA\Kazi, nimeweka jina, na nimeona TFC zote za wanafunzi nikiwa sebuleni. Nimefungua moja, nimesahihisha ukurasa, nimehifadhi, nimemwita karani kwa simu, ameona mabadiliko. Asanteni sana.

PapaMuzee_Ruashi

Hongera mama. Nimesoma uzi wote bila kusema kitu, lakini kuna jambo moja hakuna aliyeuliza. Huo waya kutoka dukani mpaka nyumbani unapita wapi?

Mama_Sekretaria

Unapita juu, papa. Umefungwa kwenye mti wa mwembe, halafu kwenye bati la jikoni.

PapaMuzee_Ruashi

Basi kabla ya mwezi wa 11 uushughulikie. Mvua za hapa unazijua, radi zake haziombi ruhusa. Si lazima radi ikupige. Ikipiga karibu tu, waya mrefu ulio hewani unapokea mshtuko na kuupeleka kwenye matundu pande zote mbili. Kwa jirani yangu sanduku lilikufa pamoja na tundu la waya la kompyuta, na kompyuta yenyewe ikabaki inawaka kama haina habari.

Kwanza, tazama ni waya gani. Kata kipande kidogo mwishoni, kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Ukiona ndani rangi ya fedha badala ya nyekundu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Tuko katika mji wa shaba, na tunauziwa aluminiamu yenye rangi ya shaba! Inavunjika ikikunjwa, na kwa mwendo mrefu inapoteza nguvu. Waya mzuri wa Cat5e unakubali hadi mita 100, wa lupango hauzidi hata nusu yake.

Pili, uzike ndani ya bomba la plastiki, mbali na waya wa kuranti (umeme). Hiyo haizuii radi yote lakini inapunguza. Mawingu yakikusanyika, chomoa pande zote mbili, si upande mmoja. Ukipata pesa siku moja, weka faiba na vigeuzi viwili. Kioo hakipitishi umeme, na radi itabaki na biashara yake.

FundiKampemba

Muzee amesema kweli. Naongeza: fundi akikubana plagi, mwambie abane nyuzi zote nane. Wengine wanabana nne kwa sababu intaneti inapita hata hivyo. Kwa nne mwendo unaishia megabiti 100, yaani kama megabaiti 11 kwa sekunde. Kwa nane, na matundu ya gigabiti pande zote, unafika karibu mara kumi ya hapo. Kwa TFC za Word hutaona tofauti. Kwa video za harusi utaiona.

Mama_Sekretaria

Nimerudi na tatizo jingine. Jana karani amefunga duka jioni, akazima mashini kama kawaida. Mimi nikakaa na laptop saa mbili usiku kusahihisha, folda haipo. Leo nimemwambia aiache inawaka. Kuranti ikakatika nikiwa katikati ya kazi, Word ikaganda. Sasa hii folda ya pamoja ina faida gani kwangu, ikiwa saa ninazoihitaji ndizo saa ambazo haipo?

Lushi_Linux

Mama, umegusa penyewe. Folda ya kushiriki inafaa pale mashini yenye folda inawaka kila wakati. Kwenye ofisi yenye betri kubwa, sawa. Kwako duka lina saa zake, na kuranti ya hapa ina saa zake.

Njia mbili. Ya kwanza: ile laptop ya Windows 7 iliyobaki kwa skana. Microsoft waliacha kuihudumia Januari 2020, hivyo haipaswi kuwa mtandaoni na mafaili ya wateja. Ifute, weka Linux Mint au Debian, weka Samba, ambayo ni programu ya bure inayozungumza lugha ileile ya Windows. Mwaustralia Andrew Tridgell aliianza miaka ya mwanzo ya 1990. Iweke sebuleni juu ya kabati, ifungue saa zote. Inakula umeme kidogo kuliko mashini ya mezani, na betri yake hata ikiwa imechoka inavusha zile dakika za kukatika. Sanduku la 4G lipe kabetri kadogo ka volti 12, ukihakikisha kwanza kwamba nalo linatumia volti 12 (soma chini yake, mengine yanatumia 9 au 5). Usisahau tu: mtumiaji wa Samba anatengenezwa kwa smbpasswd -a, nenosiri la Linux peke yake halitoshi.

Ya pili, na ndiyo ningeifanya kesho asubuhi: Syncthing. Unaiweka dukani na kwenye laptop yako. Kila mashini ina nakala kamili ya folda Kazi. Zikiwaka pamoja, zinafuatana zenyewe kupitia mtandao wenu wa ndani, bila mega. Karani akizima, wewe unaendelea na nakala yako. Asubuhi akiwasha, na laptop yako ikiwa inawaka, kazi yako inamfikia kabla hajamaliza kufagia.

FundiKampemba

Syncthing nakubali, lakini mwambie mama na upande wa pili. Wakisahihisha faili moja wote wawili wakati mashini hazionani, anapata faili jipya lenye "sync-conflict" katikati ya jina, na lazima mtu akae achague. Na faili likifutwa upande mmoja linafutwa upande wa pili. Si nakala ya akiba hiyo. Folda ya kushiriki angalau inakuambia "lecture seule" mwenzio akiwa amelifungua.

Lushi_Linux

Kweli. Ila kwa mama, karani anaandika mchana na yeye anasahihisha usiku. Hawakutani kwenye faili moja. Na Syncthing ina "Gestion des versions", ukiiwasha inaweka vilivyofutwa pembeni kwa muda unaoutaka.

FundiKampemba

Kwa mpangilio huo wa saa, sawa. Mimi ningekuwa na karani watatu nisingeigusa.

mutu_ya_kasapa

Na virusi vya flashi? Flashi ya mteja ikiingia duka, si inapita Syncthing mpaka ku laptop ya mama?

FundiKampemba

Swali zuri kuliko yote ya leo. Ndiyo, itapita, na kwa folda ya kushiriki pia. Virusi vinavyofunga mafaili vinafunga kila mahali ambapo mtumiaji wa mashini ile ana ruhusa ya kuandika. Ndiyo sababu nilimwambia amtoe "Tout le monde".

Mama, flashi za wateja zifunguliwe na karani akiwa kwenye kompte isiyo ya administrateur. Zichunguzwe na Defender (kinga ya virusi ya Windows) kabla ya kufunguliwa, na faili la mteja linakiliwe kwenye folda ya "Mapokezi" ambayo haimo kwenye Kazi. Fomu zenu tupu, mifano ya CV na barua, ziweke kwenye folda nyingine ya kushiriki yenye ruhusa ya "Lecture" (kusoma) tu. Na mara moja kwa wiki, nakili Kazi kwenye diski ya nje, halafu uichomoe na kuiweka kabatini. Diski iliyochomekwa saa zote inafungwa pamoja na mengine.

Kwa kunakili, usiburute kwa panya wakati kuranti haiaminiki. Tumia:

robocopy C:\Kazi E:\Kazi /E /Z /R:3 /W:5

/Z inaifanya iendelee ilipoishia ikikatizwa, na ukiirudia haikopi tena yaliyokwisha kufika. Utakuta watu wanakushauri /MIR. Hiyo inafuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza. Iache mpaka uielewe vizuri.

kaka_wa_Mbeya

Hii /Z ningeijua mapema. Naondoka na faida ingawa nilikuja kushauri.

Mama_Sekretaria

Nimeweka Syncthing kwa folda Kazi, na kushiriki nimekuacha kwa fomu tupu peke yake, "Lecture". Karani ameshazoea, mimi pia. Waya utazikwa Jumamosi, mtoto wa dada yangu anachimba. Windows 7 bado naifikiria, Lushi_Linux, skana yake ndiyo inayonitia wasiwasi.

La mwisho: naweza kutoa kwenye printa ya duka nikiwa sebuleni? Ina waya wa USB tu.

Lushi_Linux

Skana nyingi zinakubaliwa na Linux kupitia SANE (programu yake ya skana), lakini si zote. Andika modeli hapa nitakuangalizia kabla hujafuta chochote.

FundiKampemba

Printa ya USB unaishiriki kutoka DUKA: Paramètres, "Imprimantes et scanners", chagua printa, "Propriétés de l'imprimante", "Partage". Kwenye laptop fungua \\DUKA, ubonyeze printa mara mbili, itajiweka. Jina ni lilelile, DUKA\masahihisho. DUKA ikiwa imezimwa hakuna kutoa, hapo Syncthing haikusaidii.

Na uitengee DUKA namba yake kwenye sanduku la 4G, "Réservation d'adresse", ili 103 ibaki 103 kila kuranti inaporudi. Ukikwama kwenye dereva wa printa, leta modeli na ujumbe wa kosa kama ulivyoandikwa.